Pini ya Ishirini

Adapta nimeinunua pauni sita na nusu
kwa Mpunjabi wa Barabara ya Evington,
kijibao cha kijani, hakizidi kiberiti.
Akaniuliza, "Diski ya mwaka gani?"
Nikamwambia elfu mbili na tatu.
Akapuliza midomo kama mtu aliyeonyeshwa
jino la babu yake.
"Kuzunguka itazunguka. Kusema, sikuahidi."

Diski ni ya Mwinjuma.
Bintiye Salha aliikuta darini,
ndani ya soksi ya mpira,
siku walipokuwa wakihamisha vitu Leicester nyumba iuzwe,
akaniletea mimi, kwa kuwa, alisema,
"ulikuwa rafiki yake."
Sikumsahihisha.

Maana ni mimi niliyesimama ukumbini Highfields,
Februari, theluji ikiyeyuka viatuni,
nikauliza mbele za watu fedha za mazishi ziko wapi.
Yeye ndiye mweka hazina. Daftari alilitia kwenye kompyuta,
na kompyuta, akasema, imekufa.
Tukacheka. Mtu mmoja akatoa methali:
siku za mwizi ni arobaini.
Mtu huyo pia ni mimi.

Basi leo nimetoka zamu ya usiku,
mikono ingali na siki ya kripsi,
nimefungua ubavu wa kompyuta ya mwanangu.
Bodi mama yake nyeusi, mpya, ina vitundu vyembamba,
njia saba tu kila kimoja.
Diski ya Mwinjuma ina meno, safu mbili, mdomo mpana
wa enzi za kebo bapa kama ukili wa mkeka.

Kando ya meno kuna kidude, punje ya mchele,
cha kuchagulia: hapa diski ni bwana, hapa ni mtumwa.
Ndivyo walivyoandika mafundi wa wakati ule, bila haya.
Adapta haimsikilizi mtumwa.
Nikakichomoa kwa kibano cha nyusi cha mke wangu,
nikakihamishia kwa bwana.

Kisha nikahesabu meno. Sijui kwa nini. Labda woga.
Thelathini na tisa.
Nikarudia kwa ncha ya sindano.
Thelathini na tisa.
Safu moja, katikati, pana pengo:
pini ya ishirini haipo, wala haikuvunjika,
imeachwa makusudi tangu kiwandani
ili mtu asije akachomeka kichwa chini.
Arobaini haikutimia.

Umeme. Kitaa chekundu.
Diski ikakohoa, ikakwaruza, ikanyamaza,
nikasema basi,
ikakohoa tena, halafu ikashika mvumo
wa cherehani ya chumba cha pili.

Faili moja. HAZINA.
Herufi kubwa tupu, alivyopenda.
Jeneza la Bi Mgeni Shekue, kusafirisha hadi Tanga.
Kaburi la kichanga, Saffron Hill.
Nauli ya Idrisa, kwenda kumzika mama.
Kila peni ina pa kulala.

Mstari wa sitini na mbili ni jina langu.
Pauni mia mbili na arobaini, Novemba,
mwezi niliosimamishwa kazi na boila ikafa.
Alinipa mlangoni, kwenye bahasha ya bili ya gesi,
hata ndani hakuingia.
Nilidhani ni zake. Sikurudisha.
Mkabala, kwenye safu ya marejesho,
ameandika neno moja: ASIULIZWE.

Na hakuniuliza. Hata ukumbini, nilipotaja arobaini,
alinitazama, akafunga zipu ya koti mpaka kidevuni,
akatoka.

Mwanangu ameamka. Kelele gani hiyo?
Diski ya zamani.
"Inasoma?"
Inasoma.
"Nakili haraka basi, kabla haijafa."

Nanakili. Utepe wa kijani unajongea,
dakika kumi na moja zimebaki.
Nampigia Salha.
Nakata kabla haijaita.
Dakika tisa.